Mafuta ya karafuu na mchaichai kwenye chakula cha perege: nani ameyatumia?

Perege wa Nyangao

Habari za majukumu, wakuu. Shikamooni wakubwa.

Niko Nyangao, Lindi. Nina mabwawa mawili ya kuchimba, kila moja mita 10 kwa 15, kina kama mita moja. Maji nayaingiza kwa mfereji. Kila bwawa nilipanda perege aina ya sato 450 mwezi wa pili, na sasa wana gramu 80 hivi, wengine chini kidogo. Chakula natengeneza mwenyewe: dagaa, mashudu ya ufuta, pumba za mahindi na unga wa muhogo wa kushikizia. Nakisokota kwa mashine ya kusagia nyama, naanika, nawapa asubuhi na jioni.

Wiki iliyopita tulivuta wavu bwawa la kwanza kuchagua madume na majike. Tangu hapo nimeona samaki kadhaa wenye vidonda vyekundu ubavuni, magamba yamenyanyuka, na mmoja pezi la mkia limelika. Waliobaki wanakula kwa kusuasua. Zamani nikirusha chakula maji yanachemka, siku hizi wanakuja wachache, wanadonoa, wanaondoka.

Nikaenda duka la pembejeo za mifugo. Muuzaji akaniwekea vitu viwili mezani. Kimoja ni unga wa oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ule wa kuku. Cha pili ni chupa ya mililita 100 ya mafuta ya mimea. Kibandiko kinasema ni karafuu, mchaichai na oregano, "kwa samaki na kuku". Akasema mafuta hayo yanaleta hamu ya kula, yanaua bakteria na yanakuza haraka, nimimine kifuniko kimoja bwawani kila wiki au nichanganye na chakula nitakavyoona mwenyewe. Nimenunua chupa, unga sijachukua.

Ninachotaka kujua ni kama haya mafuta yanafanya kazi kweli kwa samaki au ni biashara tu. Na kama yanafanya, nayatia vipi na kiasi gani? Nyumbani nina mchaichai mwingi sana na kivumbasi kimejiotea uani kote, kwa hiyo kama kuna njia ya kutumia vya kwangu nitashukuru zaidi.

Kambale wa Masasi

Karibu, ndugu. Mimi kwa kambale natumia kitunguu saumu. Natwanga, nakausha kivulini, nasaga, natia gramu 10 kwa kila kilo ya chakula. Kambale wangu wanakipenda, ukifungua tu ndoo ya chakula wanasogea. Hayo ya chupa sijayagusa kwa hiyo siwezi kuyasemea. Ila kuhusu ule unga wa kuku umefanya vizuri kuuacha. Samaki wa vidonda hali chakula, sasa dawa ya kwenye chakula itamfikiaje?

Mama Vifaranga, Mikindani

Marahaba, mwanangu wa Nyangao. Mimi natotolesha vifaranga vya sato na kuchanganya chakula hapa Mikindani, na mafuta haya nayatumia. Nitakueleza kwa kirefu maana umeuliza jambo ambalo watu wengi wanaliharibu kwa haraka.

Kwanza, hiyo chupa usiimimine bwawani. Bwawa lako lina maji kama lita laki moja na nusu. Kifuniko kimoja cha mililita 5 humo ndani ni pesa umeimwaga, hakuna samaki atakayejua kama umetia kitu. Lakini kifuniko hicho hicho ukikitia kwenye ndoo ya lita 20 yenye samaki, watalala na hawataamka. Karafuu ina kitu kinaitwa eujenoli, ndicho kinachotia ganzi jino ukiwekea pamba ya mafuta ya karafuu. Samaki akikivuta kwa matamvua kinaingia kwenye damu moja kwa moja, analegea, anapinduka ubavu, na kikizidi matamvua yanasimama.

Ganzi hiyo ina faida yake, tena kwa kazi uliyoifanya wiki iliyopita ingekufaa kuliko kitu chochote. Mimi nikitaka kupima na kukagua majike ya mbegu bila kuwajeruhi, nachukua mafuta safi ya karafuu mililita 1, nayakoroga kwanza kwenye mililita 9 za spiriti safi (ethanoli) kwa sababu hayachanganyiki na maji yenyewe, kisha namimina kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya bwawani. Hapo ni kama miligramu 50 kwa lita. Natia samaki wachache, nakaa juu ya ndoo nikiangalia matamvua. Akishalala ubavu lakini matamvua bado yanafunguka na kufunga, namtoa, namkagua, namrudisha kwenye maji safi yanayopigwa hewa. Dakika chache anasimama mwenyewe. Samaki anayepapatika mkononi anajichubua magamba, na mlango wa vidonda ni hapo. Samaki uliyemlaza hivyo usimpeleke sokoni. Marekani, kwa mfano, mafuta ya karafuu hayajaidhinishwa kutumika kwa samaki wa kuliwa. Mimi nayatumia kwa wa mbegu tu.

Sasa chakula.

Mafuta haya yanafanya kazi, ila kazi yake ni ndogo na ina mahali pake. Oregano na thaimu zina kavakroli na thaimoli, mdalasini una sinamaldehidi, mchaichai una sitrali, karafuu eujenoli. Hivi vyote vinatoboa utando wa nje wa bakteria, ndiyo maana vinapunguza wabaya tumboni mwa samaki. Vingine vinaamsha majimaji ya kumeng'enya chakula na kusaidia kinga ya mwili. Watafiti wamewapa sato chakula chenye mafuta haya kisha wakawaambukiza bakteria wa vidonda kwa makusudi, na mara nyingi waliokula mafuta wanakufa wachache kuliko wasiokula. Kwenye kukua ndipo majibu yanapogongana: jaribio moja samaki wameongezeka uzito, jingine hakuna tofauti yoyote. Kwa hiyo muuzaji aliyekwambia "yanakuza haraka" amevuka mpaka. Mimi nayatia kwa ajili ya kinga, kukua nikikupata nashukuru.

Na hili alilosema Kambale wa Masasi lishike vizuri, maana linahusu mafuta vilevile. Mafuta ya kwenye chakula ni ya samaki anayekula. Yanajenga mwili kabla ugonjwa haujaingia. Huyo mwenye kidonda ambaye amekaa pembeni ya bwawa hatayapata.

Tuje kwenye kutia, hapa ndipo kazi yote ilipo. Mafuta haya ni ya kuruka. Ukiyachanganya kwenye unga kabla ya kusokota, kisha ukaanika kwenye jua la Nyangao, harufu unayoisikia nyumba nzima ndiyo dawa yako inayoondoka. Mimi nafanya hivi: chakula nakisokota, nakikausha kabisa mpaka ukivunja chembe inalia. Nakiacha kipoe. Nachukua kilo 10, nakimwaga kwenye turubai safi chini ya kivuli. Nachukua mafuta ya ufuta mililita 200, yale ya kukamua hapa hapa kwetu, natia mafuta ya mmea mililita 10 na kutikisa kwenye chupa mpaka yawe kitu kimoja. Naweka kwenye chupa ya kupulizia. Mtu mmoja anageuza chakula kwa mikono yenye glavu, mwingine anapulizia kidogo kidogo, mpaka chembe zote zing'ae sawasawa. Usimimine sehemu moja ukategemea kukoroga, utakuta chembe nyingine zimelowa chapachapa na nyingine kavu. Kisha nakiacha nusu saa kinywe, nakifunga kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, nakiweka gizani. Nachanganya cha wiki moja tu, sichanganyi cha mwezi.

Kipimo hicho ni mililita 1 kwa kilo ya chakula. Ukianza, anza na nusu yake, yaani mililita 5 kwa kilo 10. Watu wanadhani ukizidisha unapata zaidi. Ukizidisha samaki anakitema. Utamuona anakidaka, anakitoa, anakidaka tena, anakiacha kizame. Mafuta haya ni makali hata kwa ngozi ya mtu, yakikurukia jichoni utakumbuka siku hiyo, kwa hiyo glavu si mapambo. Chupa yake iwe ya kioo cheusi. Usiyahamishie kwenye kikopo chochote cha plastiki, mafuta ya karafuu yanalainisha baadhi ya plastiki.

Piga hesabu yako. Samaki 450 wa gramu 80 ni kilo 36. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao ni kilo moja na kidogo kwa siku, kama kilo 30 hivi kwa mwezi. Chupa yako ya mililita 100, kwa kipimo kamili, ni miezi mitatu ya bwawa moja, na itapungua kadiri wanavyokua. Si gharama ya kukutisha.

Lakini kama ningekuwa mimi, mafuta yangekuwa jambo la mwisho, na nitakwambia kwa nini. Wewe uko bara, huu ni mwezi wa saba, kipupwe. Asubuhi hiyo kabla jua halijapanda, maji yako yana nyuzi ngapi? Sato anachangamka kwenye nyuzi 26 mpaka 30. Yakishuka kwenye 22 anakula kidogo, yakishuka chini ya 20 hamu inapotea zaidi, na hakuna mafuta ya mmea wowote yatakayompa hamu. Halafu umemvuta kwa wavu katika baridi hiyo. Bakteria wa vidonda, Aeromonas, wamo kwenye maji ya kila bwawa siku zote, wanangoja samaki aliyechoka na kuchubuka. Nionavyo mimi ndicho kilichokupata.

Fanya hivi kwanza. Wale wenye vidonda watoe, uwaweke peke yao. Waogeshe chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto, tunayo tele huku pwani, gramu 200 kwa ndoo ya lita 20, dakika 10, ukiwaangalia muda wote. Akianza kupinduka mtoe hata kama dakika hazijatimia. Chakula lisha mara moja tu, saa 8 au 9 mchana maji yakiwa yamepata joto, na acha kulisha pale wanapoacha kula. Kinachozama bila kuliwa kinaoza chini, kinaleta amonia na kula oksijeni. Na amka alfajiri uangalie kama wanakuja juu kuhema. Maji yako yakiwa kijani nzito, mimea hiyo hiyo inayotoa oksijeni mchana inaivuta usiku. Zamisha mkono, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yamezidi uzito, acha mbolea na badilisha sehemu ya maji.

Na mashudu yako ya ufuta, ni mangapi kwenye mchanganyiko? Protini ya ufuta wetu ina methionini nyingi lakini laisini yake ni haba, na samaki anahitaji viini hivyo vyote viwili ili akue. Dagaa ndiye anayeziba pengo hilo. Watu dagaa wakipanda bei wanaongeza mashudu, wanashangaa samaki kudumaa, kisha wanatafuta chupa. Mimi naweka dagaa asilimia 25, mashudu ya ufuta 35, pumba 30, muhogo 10, na hapo protini inafika kama asilimia 30.

Perege wa Nyangao

Mama, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili.

Nilikuwa na kipimajoto cha mashine ya kuangulia vifaranga vya kuku, nimekifunga kamba nikakizamisha. Leo saa 12 asubuhi nyuzi 22, saa 9 mchana 26. Kwa hiyo kulisha asubuhi nimeacha. Wenye vidonda nimewatoa, wako kwenye tangi, nimewaogesha chumvi, wote wamekaa sawa. Mkono kiganja kinapotea kabla ya kiwiko, kidogo tu. Mbolea nimesimamisha.

Mchanganyiko wangu ulikuwa dagaa 15 na mashudu 45, kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja ya bei.

Yamebaki mambo mawili. Mchaichai wangu nifanyeje? Nikiuchemsha nikatumia maji yake kukandia chakula si ni mafuta yale yale? Na nitajuaje kama hii chupa ina kitu cha kweli? Inanukia sana lakini manukato nayo yananukia.

Mikorosho ya Newala

Samahani naingilia, mimi si mtu wa samaki, ila nimesoma hapa na kuna jambo sioni likitajwa. Huu ni msimu wa kupulizia mikorosho. Ndugu, maji yako yanakuja kwa mfereji. Huko juu unakotoka hakuna mashamba ya korosho?

Salfa ya unga ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, siyo inayonitisha zaidi. Ninayoiogopa ni dawa ya maji ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Nyingi zake ni za kundi la pairethroidi, na kwenye kibandiko chake zimeandikwa wazi kuwa ni sumu kali kwa samaki, kiasi kidogo tu kinatosha. Watu wakimaliza kupulizia wanaosha mashine wapi? Kwenye maji ya karibu. Huku kwetu juu maji ni ya shida, kila tone lina mwenyewe, lakini huko bondeni mito iko na watu wanaosha humo humo. Samaki wakipigwa na dawa hiyo kidogo hawafi wote, wanalegea, wanaacha kula. Nenda kautembee huo mfereji mpaka mwanzo wake.

Mama Vifaranga, Mikindani

Mikorosho ya Newala, ahsante sana. Hili ni la kuanza nalo kabla hata ya kipimajoto. Mwanangu, panda mfereji. Ukikuta watu wanaosha mashine, ongea nao kwa heshima, wengi hawajui kama kuna bwawa chini, na mkubaliane siku za kupulizia ili ufunge maji yasiingie. Mfereji usiukate kwa hasira, maana majirani hao hao ndio wateja wako wa samaki.

Sasa mchaichai. Ukichemsha kwenye sufuria iliyo wazi, mafuta yanapaa na mvuke, yanayobaki ni maji yenye rangi na harufu kidogo. Mafuta yenyewe yanapatikana kwa kukamata mvuke huo na kuupoza, yaani kukeneka, na majani mabichi yana mafuta machache sana. Kilo 100 za majani zinakupa gramu 200 mpaka 500. Kwa bwawa mbili haikulipi kujenga mtambo. Tumia jani zima. Kata mchaichai kabla jua halijawa kali, ukatekate, ukaushe kivulini kwenye chekecheke mpaka ukauke kabisa, usage laini, utie gramu 10 kwa kilo ya chakula kwenye unga wakati wa kukanda. Nguvu yake si sawa na ya chupa, na sehemu inapotea ukianika, lakini ni chako na hakina madhara kwa kiasi hicho. Kivumbasi vivyo hivyo. Ila kivumbasi kinatofautiana mno, mmea mmoja umejaa eujenoli kama karafuu, mwingine umejaa thaimoli, na kwa macho vyote ni kivumbasi. Ponda jani unuse: ukisikia karafuu, ni wa eujenoli. Cha kwangu hapa uani kinanuka karafuu wazi, hasa maua yakianza kukauka.

Kuhusu chupa. Chukua glasi ya maji safi, dondosha tone moja polepole kwa kijiti. Mafuta safi ya karafuu ni mazito kuliko maji, tone linazama na kutulia chini kama shanga ya manjano. Mafuta ya kula yanaelea. Yako ni mchanganyiko wa vitu vitatu, kwa hiyo kuelea peke yake hakutakwambia kitu, tumia karatasi. Tone moja kwenye karatasi nyeupe, weka pembeni tone la mafuta ya kula, uache mpaka kesho mahali penye hewa. La mafuta ya kula litabaki duara linalopenya mwanga. La mafuta ya mmea linatakiwa lipotee au libaki kivuli chembamba, karafuu ndiyo inachelewa kidogo kuliko mengine. Ukikuta duara nene linalong'aa sawa na la pili, basi ndani mna mafuta ya kula mengi, na vipimo vyote nilivyokupa vinabadilika kwa sababu hujui unatia nini.

Ukitaka karafuu peke yake, uliza mafuta ya makonyo kutoka Pemba. Vikonyo vya karafuu wanavyovitenga wakati wa kuchambua vinakenekwa kule, na mafuta yake yana eujenoli nyingi vilevile. Kwa samaki yanatosha.

Kujua kama yanakusaidia, usiangalie bwawa zima kwa macho, macho yanaona yanachotaka. Subiri kwanza vidonda viishe na baridi ipungue, mwezi wa 9 hivi. Shona vizimba viwili vya neti vinavyolingana, uvifunge kwenye bwawa moja, kimoja kisiwe kivulini na kingine juani. Weka samaki 30 kila kizimba wa ukubwa mmoja, wapime kwa pamoja kwenye ndoo uandike. Kizimba cha kwanza kipe chakula chenye mafuta ya ufuta na mafuta ya mmea. Cha pili kipe chakula chenye mafuta ya ufuta peke yake, kiasi kile kile. Usikose hapo. Ukikipa cha pili chakula kikavu, utakachopima ni faida ya mafuta ya ufuta, maana mafuta yenyewe ni nguvu na samaki anakua nayo. Andika kila gramu ya chakula unayotoa. Baada ya wiki 8 pima tena, gawa kilo za chakula kwa kilo za samaki zilizoongezeka, kila kizimba peke yake. Hesabu waliokufa. Chenye namba ndogo ndicho kilichotumia chakula vizuri.

Na ukiona tofauti ndogo mno, usiongeze kipimo. Rudisha dagaa kwenye 25 kwanza.

Kambale wa Masasi

Mama, swali la pembeni. Je, kitunguu saumu na haya mafuta naweza kuvitia pamoja?

Mama Vifaranga, Mikindani

Unaweza, lakini mimi sivichanganyi, kwa sababu samaki wakikataa hutajua wamekataa kipi, na wakipona hutajua kimewaponya kipi. Wiki nne kimoja, kisha wiki nne kingine.

Perege wa Nyangao

Nimerudi kutoka mfereji. Juu ya daraja kuna sehemu wanaosha mashine kweli, makopo yametupwa hapo hapo kando ya maji. Nimemkuta mzee mmoja mwenye shamba, tumeongea vizuri, amesema watahamia kwenye shimo la mbali na maji na atanitumia ujumbe siku wakipulizia. Makopo tumeyaokota pamoja. Lango la mfereji nimelifunga kwa sasa, nina maji ya kutosha wiki mbili.

Tone la kwenye karatasi nimeliweka dirishani. Kesho naleta picha ya makaratasi yote mawili.

Mama Vifaranga, Mikindani

Vizuri sana. Kabla hujafungua lango tena, chota ndoo ya maji ya mfereji, tia sato wawili wadogo, waache mpaka asubuhi ndoo ikiwa kivulini. Weka na ndoo ya pili yenye maji ya bwawani na samaki wawili vilevile, ili ukiamka ukute mmoja amelegea ujue ni maji au ni ndoo. Wakiwa wazima wote wanne, fungua. Ukileta picha, leta na uzito wa samaki 10 wa kila bwawa, nikupigie hesabu ya chakula cha mwezi wa nane.